SOMO LA AFYA: KIJANA NAYE ANA HOFU



Machi 16, 2020 Serikali yetu ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini. Kesho yake ikatangaza kufunga shule. Wanafunzi wa kidato cha sita walirudi Juni 1. Wenzao wa shule za msingi na sekondari walikaa nyumbani hadi Juni 29. Hizo ni siku zaidi ya mia moja.

Siku zile kila mtu aliambiwa anawe mikono kwa maji tiririka na sabuni. Ndoo ziliwekwa milangoni. Watu walijifukiza kwa majani. Hayo yote yalihusu mwili. Lakini swali moja lilikuwa rahisi kulisahau: "Mwanangu, unaogopa nini?"

Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 5, 2023 kwamba Korona si dharura ya dunia tena. Hata hivyo magonjwa ya mlipuko hayajaisha. Ugonjwa wa Marburg uliingia mkoani Kagera mwaka 2023, ukarudi tena mwaka 2025. Kwa hiyo tujifunze sasa, kungali shwari.

Wasiwasi ni nini?

Hofu ni jambo la kawaida. Ukikutana na nyoka shambani, moyo unadunda, pumzi inakwenda mbio, miguu inapata nguvu ya kukimbia. Nyoka akiondoka, hofu nayo inaondoka.

Wasiwasi ni hofu ya nyoka asiyeonekana. Hujui yuko wapi, wala hujui atakuja lini. Basi moyo unadunda mchana, na usiku usingizi hauji. Ukikaa hivyo wiki nyingi, mwili unachoka na akili inachoka.

Kwa nini vijana?

Kijana wa miaka kumi na tano ana akili ya kutosha kuielewa hatari. Lakini hana mamlaka ya kuamua lolote nyumbani. Anasikia wazazi wakisema bei ya viazi imeshuka. Anajiuliza: je, fedha ya daftari na sare itapatikana? Mtihani wa Taifa unakuja na shule imefungwa. Bibi anakohoa chumba cha pili. Msichana ana hofu nyingine juu ya hiyo: je, shule zikifunguliwa nitarudishwa, au nitaozwa?

Tena kuna uvumi. Hapa Uyole tuko njia panda. Barabara ya Tukuyu na Malawi inaachana hapa na barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia. Magari yanapita, na habari zinapita nayo, za kweli na za uongo. Baada ya Mei 2020 idadi ya wagonjwa nchini haikutangazwa tena hadi mwaka 2021. Pale habari za kweli zinapopungua, uvumi hujaza nafasi. Mtu mzima anaweza kuupuuza. Kijana anaulalia na kuuamkia.

Jambo hili halikuwa letu peke yetu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25 katika mwaka wa kwanza wa Korona. Yaani, penye watu mia moja wenye shida hiyo, wakawa mia na ishirini na tano. Vijana walikuwa miongoni mwa walioumia zaidi.

Hofu huonekana mwilini

Wapo wanaosema, "Huyo hana ugonjwa, anajifanya tu." Tuangalie jambo lililotokea hapa hapa nchini mwetu zamani.

Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Hali hiyo ikaenea hadi kwa wanafunzi 95 kati ya 159. Machi 18 shule ikafungwa. Madaktari walipima. Hawakukuta vijidudu, wala sumu katika chakula. Wataalamu wengi wameeleza kuwa chanzo kilikuwa mashaka yaliyowalemea wasichana wale. Hawakuwa wanajifanya. Hofu isiyopata mdomo wa kusemea ilitokea mwilini.

Katika Korona jambo hili lilileta utata mkubwa. Korona hushambulia mapafu, mgonjwa akakosa pumzi. Wasiwasi nao hubana pumzi! Kijana anahisi kifua kimebana. Anadhani ni Korona. Anaogopa zaidi, na kifua kinabana zaidi. Na shule zilifunguliwa mwishoni mwa Juni, wakati wa baridi kali kwetu, ambapo mafua na kikohozi ni vya kawaida. Kila aliyekohoa darasani aligeukiwa.

Dalili za kuangalia

Kijana hapati usingizi, au analala mchana kutwa. Hali chakula. Anaumwa kichwa au tumbo mara kwa mara. Anafoka ovyo, au amenyamaza kabisa. Ameacha rafiki zake na michezo.

Kama ana homa, anakohoa au anakosa pumzi, mpelekeni kwanza zahanati akapimwe. Msikisie nyumbani kuwa ni hofu tu. Akipimwa na kukutwa hana ugonjwa, msimcheke.

Tufanye nini?

1. Tumwulize na tumsikilize. Mkulima wa viazi akiona jani lina doa, haufokei mche. Hulitazama jani kwa karibu, ajue lina nini. Kijana naye asikemewe eti "Acha uoga!" Mwambie: "Mwanangu, naona siku hizi hulali. Kuna nini?" Kisha nyamaza, umwache aseme. Mara nyingi maneno huja mkiwa mnapalilia au mnamenya viazi pamoja.

2. Tumwambie kweli. Usimwambie "Hakuna kitu" wakati kipo. Mwambie: "Ugonjwa upo. Haya tunayajua, haya hatuyajui. Sisi tutafanya hivi na hivi." Jambo usilolijua, mkamwulize mganga wa zahanati.

3. Tumpe kazi yenye maana. Asimamie ndoo ya kunawia. Awasomee wadogo zake. Mtu mwenye kazi ya kulinda wenzake hupata nguvu.

4. Tuweke ratiba. Shule ikifungwa, saa ya kuamka, kusoma, kwenda shamba, kucheza na kulala zijulikane.

5. Tumfundishe kuvuta pumzi. Kifua kikibana kwa hofu, akae chini. Avute pumzi polepole kwa pua, aitoe polepole zaidi kwa mdomo. Arudie mara kumi.

6. Tutafute msaada mapema. Kijana akisema afadhali afe, msimwache peke yake, na mpelekeni hospitali siku ile ile. Huo si mzaha, wala si jambo la kuficha. Iko pia Simu ya Mtoto, namba 116. Haina malipo.

Jambo la kukumbuka ni hili: hofu ya kijana haiondoki kwa kukemewa wala kwa kunyamaziwa. Hupungua anapoambiwa kweli, anaposikilizwa, na anapoona kuwa naye ana mchango nyumbani.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Shule zilipofungwa mwaka 2020, vijana wa kijiji chenu walifanya nini kutwa nzima?

2. Ni uvumi gani mliusikia siku zile? Nani angeweza kuwaambia ukweli?

3. Kwa nini dalili za wasiwasi zinaweza kufanana na dalili za ugonjwa?

Kazi ya nyumbani: Leo jioni, mwulize kijana mmoja wa nyumbani kwako ni jambo gani linalomtia hofu. Msikilize hadi amalize.