Ushauri: Nyumbani na Kwetu kwa Mtoto Aliyekulia Ughaibuni

Kiswahili kina maneno mawili ambayo mtoto aliyekulia Ulaya mara nyingi hupewa kama neno moja. Nyumbani ni pale mtu anapolala na kuamkia. Kwetu ni pale watu wake walipo, hata kama yeye hayupo. Mtu anaweza kuwa nyumbani London na kwao pawe Mbale, Uganda, na hakuna linalomkana mwenzake.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha barua ya msomaji, mama mzaliwa wa Jinja aliyeolewa na mwanamume wa Mbale. Wanaishi Uingereza na watoto wawili, mvulana wa miaka 14 na msichana wa miaka 9. Desemba iliyopita walikaa Uganda wiki tatu, wakaona chanzo cha Nile, wakapanda hadi maporomoko ya Sipi, wakazungushwa kwa ndugu wengi. Siku ya nane mvulana aliuliza mbele ya babu yake, "Tunarudi lini nyumbani?" Mzee alinyamaza. Mama anauliza kama amekwisha kuchelewa.

Hajachelewa, na mtoto hakukosa. Kitanda chake, shule yake na marafiki zake viko Uingereza, na swali lake lilikuwa la kweli. Kumkaripia kungemfundisha kwamba Mbale ni mahali ambapo ukweli wake haupokelewi. Kazi ya mzazi ni kumjengea kwao bila kumnyang'anya nyumbani kwake, na kazi hiyo ina sehemu tatu: jina, lugha na shughuli.

Jina hutangulia kwa sababu mtoto tayari analo. Busoga, anakotoka mama, pacha wa kiume huitwa Waiswa na Tenywa, wa kike Babirye na Kawudha, na anayezaliwa baada yao ni Kiiza. Baba yao huwa Isabirye na mama yao Nabirye. Jina moja hueleza familia nzima. Kwa Wagisu, watu wa baba, watoto wengi hurithi majina ya marehemu wa ukoo. Mtoto aelezwe jina lake lilitoka kwa nani, mtu huyo alilima wapi na alisifiwa kwa lipi, kisha siku akifika Mbale aonyeshwe kaburi na shamba hilo. Jina linalotumiwa tu kwenye cheti cha kuzaliwa husahaulika. Liitwe mezani kila siku.

Lugha hufuata. Wazazi wenye lugha mbili, Kisoga na Kigisu, hukimbilia Kiingereza kwa kuwa wote wanakijua, na watoto hukosa zote mbili. Ni afadhali kila mzazi azungumze na watoto lugha yake, hata kwa kuanza na salamu: Kodheyo kwa bibi wa Jinja, Mulembe kwa babu wa Mbale. Lugha hudumu inaposhikana na kazi za nyumba. Ushahidi uko Jinja kwenyewe, kwa Waasia waliokuwa wakiishi huko. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na zaidi ya 27,000 walipokelewa Uingereza, wengi wakikaa Leicester. Katika Kigujarati cha familia zilizotoka Afrika Mashariki, muhogo bado ni mogo, na sufuria na fagio hazikubadilishwa jina. Watoto ambao hawakuwahi kuiona Jinja waliyarithi maneno hayo kwa sababu yalisemwa jikoni, mikono ikiwa kazini.

Sehemu ya tatu, shughuli, ndiyo iliyokosekana Desemba. Familia ilitembezwa kama watalii, na mtalii hana kwao. Ndugu kumi wanaoamkiwa kwa siku moja hubaki sura tu. Safari ijayo watoto wakae pahali pamoja kwa siku nyingi, wakiwa na kazi inayowangoja. Msichana amsaidie bibi kuandaa malewa, machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga. Mvulana ashinde na babu kwenye shamba la kahawa. Wawe na kikombe chao, na mti waliopanda wenyewe, ambao babu atawapa habari zake kwa simu. Simu yenyewe iwe na siku maalumu, kwa mfano kila Jumamosi jioni, na iwe ya mtoto na mzee wake. Mzazi anayejibu kwa niaba ya mtoto hukata uzi anaotaka kuusokota.

Kwa mvulana wa baba Mgisu kuna jambo lisiloweza kuachwa lijitokeze lenyewe, nalo ni imbalu, jando linalofanyika miaka inayogawanyika kwa mbili na kuzinduliwa Agosti katika uwanja wa Mutoto, karibu na Mbale. Asilisikie kwa mara ya kwanza kwa baba zake wadogo wakati ngoma ya kadodi inapita barabarani. Baba amweleze mapema na kwa uwazi, pamoja na maumivu yake na masuala ya usalama wa kiafya. Mila yenyewe humtaka kijana atangaze utayari wake kwa kinywa chake; kumshurutisha ni kuivunja. Anaweza kwanza kwenda kuwatazama na kuwasindikiza binamu zake. Dada yake naye aelezwe nafasi yake katika ukoo, asiachwe adhani kwamba kwao ni kwa kaka tu.

Sheria iko upande wa watoto hawa. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 humtambua kuwa raia wa kuzaliwa hata aliyezaliwa nje, ikiwa mmoja wa wazazi, babu au bibi zake alikuwa raia wa kuzaliwa alipozaliwa yeye. Marekebisho ya mwaka 2005 na sheria ya mwaka 2009 yalifungua mlango wa uraia pacha.

Limebaki jeraha la mzee. Mama asimwombee mtoto msamaha. Amweleze babu kwamba nyumbani kwa mjukuu ni Uingereza, na kwamba mjukuu anataka kujifunza kwao. Kisha mvulana mwenyewe apige simu na aulize jambo moja: yule aliyemwachia jina lake alikuwa mtu wa namna gani.