Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kirusi, Kuvu na Istilahi za Kiswahili

Anayeandika kwa Kiswahili kuhusu magonjwa ya mimea hana budi kutumia istilahi mbili: kimelea na mwenyeji. Kwa mazoea, kimelea huchukuliwa kuwa mwizi, naye mwenyeji huwa ndiye aliyeibiwa. Makala haya yanadhamiria kuonyesha, kwa kurejelea utafiti wa mimea na virusi, kwamba mazoea hayo yana upungufu, na kwamba sarufi ya Kiswahili ina njia ya kuuziba.

Katika Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, Marekani, kuna nyasi zinazoota katika udongo unaopashwa moto na joto la chini ya ardhi. Jina lake la kisayansi ni Dichanthelium lanuginosum. Mwaka 2002, Regina Redman, Rusty Rodriguez na wenzao walieleza kwamba ndani ya nyasi hizo huishi kuvu iitwayo Curvularia protuberata. Nyasi peke yake haziwezi kukua joto likizidi nyuzijoto 38, na kuvu peke yake vivyo hivyo. Zikiwa pamoja, hustahimili udongo wenye joto la nyuzijoto 65.

Kisa hakikuishia hapo. Mwaka 2007, Luis Márquez, mtaalamu wa virusi Marilyn Roossinck, pamoja na Redman na Rodriguez, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba ndani ya kuvu hiyo mlikuwa na mkazi wa tatu: kirusi. Watafiti waliigandisha kuvu na kuiyeyusha mara kwa mara hadi wakapata kuvu isiyokuwa na kirusi. Nyasi zilizopewa kuvu hiyo zilishindwa kustahimili joto. Kisha walizikutanisha kuvu mbili, moja yenye kirusi na nyingine isiyokuwa nacho, hadi tandu zake zikaungana na kirusi kikahama. Uwezo wa kustahimili joto ukarejea. Hata mnyanya, ambao si wa jamii ya nyasi, ulistahimili joto zaidi ulipopewa kuvu yenye kirusi.

Je, kirusi hiki kiitwe mwizi? Jibu lafaa kutafutwa katika umbo la neno lenyewe. Kimelea hutokana na kitenzi mea. Kikinyambuliwa katika kauli ya kutendea, hupatikana melea, yaani kumea juu ya kitu kingine au ndani yake. Mzizi huu hautaji wizi wala madhara. Maana ya udhalimu imeongezwa na matumizi. Kwa hivyo, kirusi cha Yellowstone ni kimelea kwa maana ya mzizi, ingawa si kimelea kwa maana ya mazoea.

Kitenzi hicho hicho kikiendelezwa hadi kauli ya kutendana, hupatikana meleana, na kutokana nacho nomino umeleano yaweza kuundwa. Istilahi hii ingebeba hali ya viumbe vinavyomea kila kimoja kwa kingine, bila ya kuamua mapema ni nani anayefaidi na nani anayedhurika. Uamuzi huo ungeachiwa jaribio.

Hapana budi kutahadhari. Virusi vingi vya mimea ni janga. Mkulima wa Bomet aliyeshuhudia mahindi yakinyauka kuanzia mwaka 2011, pale virusi viwili tofauti vilipokutana katika mmea mmoja, hawezi kuambiwa kwamba kirusi ni rafiki. Hata hivyo, Bomet na Yellowstone zinafunza jambo moja: athari ya kirusi haijulikani kwa kukitazama kikiwa peke yake. Ni lazima kujua kimekutana na nani.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii aghalabu hufundishwa kama somo la ukarimu, ilhali inabeba pia wazo ambalo wanabiolojia walilithibitisha maabarani. Lugha yenye methali hiyo haikosi uwezo wa kusimulia sayansi. Wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili ni kuzichunguza istilahi kabla ya kuzikariri, kwani istilahi iliyokwisha kutoa hukumu humzuia msomaji kuuliza swali.