Mwezi mmoja, maswali matatu

Kila ifikapo tarehe 29 Shaabani simu za Waislamu wa mjini hazilali. Umeandama? Nani kauona? Asubuhi yake, katika nyumba moja, kijana amefunga na baba yake anakunywa chai, na kila mmoja ana yakini kuwa mwenzake amepotea.

Ndugu msomaji, hivi kweli hawa wanagombania mwezi? La hasha. Mwezi wenyewe hauna utata: kutoka mwandamo hadi mwandamo ni siku 29 na nusu hivi, ndiyo maana tunahesabu 29 au 30. Wanachotofautiana ni swali. Baba anauliza, umeonekana hapa kwetu? Kijana anauliza, umeonekana popote duniani na Muislamu muadilifu? Yupo na wa tatu, mtu wa falaki, anayeuliza hesabu zinasemaje. Uturuki hufuata hesabu, na Baraza la Fiqhi la Amerika ya Kaskazini lilipitisha njia hiyo mwaka 2006. Kila mmoja anasema kweli kwa mujibu wa swali lake, kisha anamhukumu mwenzake kwa swali ambalo mwenzake hakuliuliza.

Na fikra haiishii kichwani. Wa hesabu ameshaomba ruhusa kazini miezi kabla. Wa jicho hajui Idi yake mpaka magharibi, na pilau lake linapikwa usiku wa manane (nani asiyeijua raha ya usiku ule?).

Khitilafu hii si ya leo. Imepokewa katika Sahihi Muslim kuwa Kuraib alikuwa Sham, akauona mwezi wa Ramadhani usiku wa kuamkia Ijumaa. Aliporudi Madina, Ibn Abbas akamwambia kuwa wao waliuona usiku wa kuamkia Jumamosi, na wataendelea kufunga mpaka watimize 30 au wauone. Kuraib akahoji: hakutoshi kuona kwa Muawiya? Akajibiwa kuwa hakutoshi, na kwamba hivyo ndivyo Mtume (s.a.w.) alivyowaamrisha. Mashafii wengi wakachukua hapo kuwa kila mji na mwezi wake. Wanazuoni wengi wa madhehebu mengine wakasema ukionekana mji mmoja umewalazimu wote.

Lakini katika riwaya ile hakuna hata neno moja la kubatilisha saumu ya watu wa Sham. Nao walikuwa mbali, safari ya ngamia ya siku nyingi. Baba na kijana wetu wanatenganishwa na ukuta wa chumba.