Baridi Ikibisha Hodi: Chanjo za Mzee Mwenye Dimenshia

Uingereza, Oktoba ikifika, barua na simu za chanjo nazo huanza kuingia. Waswahili wengi wanaoishi huko zinawahusu mara mbili: wapo wanaomlea mama au baba nyumbani, na wapo walioajiriwa kwenye nyumba za kulea wazee, ambako dimenshia ni jambo la kila siku. Sindano yenyewe huisha kwa sekunde chache. Kazi kubwa ni maandalizi, na hapo ndipo mzee aliyepoteza kumbukumbu huachwa nyuma.

1. Jua anastahili zipi

Chanjo ya mafua hutolewa kila mwaka, bure, kwa kila aliyefikisha miaka 65. Ya Korona, kwa msimu wa baridi wa 2025, ilipangiwa wenye miaka 75 na zaidi, wakazi wa nyumba za wazee na wenye kinga dhaifu. Ya virusi vya RSV, vinavyoshambulia mapafu, ilianza 2024 kwa walio kati ya miaka 75 na 79. Ya nimonia ni ya kuanzia miaka 65, na kwa kawaida huchomwa mara moja tu. Masharti haya hubadilika, kwa hiyo piga simu kwa GP, yaani daktari wake wa mtaa, taja umri wa mzee na uulize moja moja. Ya mafua na ya Korona zinaweza kutolewa siku moja, na hiyo ni nafuu kubwa kwa mtu anayechanganyikiwa akitolewa nyumbani.

2. Usisubiri kikohozi

Kwa mzee mwenye dimenshia, maambukizi ya kifuani mara nyingi hujionyesha kichwani kwanza. Jana alijua njia ya msalani, leo anagonga milango na kumwita mtoto wake kwa jina la marehemu kaka yake. Joto la mwili huenda lisipande kabisa. Watu wa nyumbani husema ugonjwa wake umezidi, kumbe ni mafua au nimonia. Kinachouma ni kwamba wengine hupona kifua lakini hawarudi tena kwenye uelewa waliokuwa nao. Kwangu mimi hiyo ndiyo hoja kuu ya chanjo hizi. Kinga ya mafua huchukua hadi wiki mbili kujijenga, kwa hiyo ni bora sindano iwahi kabla baridi haijakolea.

3. Muulize yeye kwanza

Kusahau hakumwondolei mtu haki ya kuulizwa. Kwa sheria ya England na Wales, Mental Capacity Act ya 2005, mtu mzima huhesabiwa kuwa anaweza kuamua mpaka ionekane hawezi, na hupimwa kwa uamuzi ule ule ulioko mbele yake. Mzee asiyeweza tena kushughulikia hesabu za benki anaweza kabisa kuelewa, "Mama, muuguzi anataka kukuchoma sindano ya kuzuia mafua. Unakubali?" Sema kwa ufupi, subiri jibu, na usijibu kwa niaba yake.

Ikithibitika kwamba hawezi kuamua, wengi hudhani mtoto wa kwanza ndiye anayetia sahihi. Sivyo. Mwenye mamlaka ni yule aliyeandikishwa kisheria kumwamulia mambo ya afya. Kama hayupo, mtoa chanjo huamua kwa maslahi ya mzee, baada ya kuwasikiliza mnaomfahamu. Hapo neno lako lina uzito: je, zamani alikuwa akichanja kila mwaka, au alikuwa hataki hata kusikia? Sema ukweli wake, hata kama si matakwa yako.

4. Chagua saa, chagua nguo

Wazee wengi wenye dimenshia huwa na utulivu zaidi asubuhi, na jua likielekea kuzama huanza wasiwasi. Omba miadi ya asubuhi. Usimtangazie siku tatu kabla, maana atabaki na hofu hata akisahau ni ya nini. Wala usimwambie mnakwenda dukani. Atasahau safari, lakini hisia ya kudanganywa inaweza kubaki.

Halafu nguo. Wakati wa baridi amevaa fulana, shati, sweta na koti, na sindano inaingia juu ya mkono, karibu na bega. Kumvua tabaka zote hizo mbele ya mgeni ni fedheha, na ndipo ugomvi unapoanza. Mvishe ya mikono mifupi ndani, na juu sweta la vifungo. Mama wa buibui aombewe chumba cha faragha na muuguzi wa kike. Akisukuma mkono, acheni, rudini siku nyingine. Asiyeweza kutoka kabisa anaweza kufuatwa nyumbani, ila lazima uombe.

5. Kiswahili chake kiende naye

Mtu aliyejifunza Kiingereza ukubwani anaweza kukipoteza dimenshia ikizidi, akabaki na lugha ya utotoni. Mwambie GP mapema kwamba anahitaji mkalimani, maana huduma hiyo ni bure. Kama muuguzi yuko tayari, mfundishe "Shikamoo" tu. Mzee aliyekunja uso huweza kulegea kwa neno hilo moja.

6. Wanaouliza kuhusu nguruwe

Je, chanjo ina kitu cha nguruwe? Swali ni halali na lina jibu. Chanjo ya mafua ya watoto, ile ya kupuliza puani, ina jelatini ya nguruwe. Ya wazee ni ya sindano, na haina.

7. Soma mwili wake baadaye

Mkono kuuma, uchovu na homa kidogo kwa siku moja au mbili ni kawaida. Ila yeye huenda asiweze kusema "naumwa". Utaona anashika bega, anakataa kuvishwa, anakunja uso akigeuzwa kitandani. Uliza kama anaweza kupewa parasetamoli. Akichanganyikiwa ghafla, usiisingizie sindano ukakaa kimya: piga mara moja 111, simu ya ushauri wa afya, na akipumua kwa shida, 999, simu ya dharura.

8. Mkanda wa jeshi, na daftari

Chanjo ya mkanda wa jeshi si ya msimu, lakini mkiwa kwa GP iulizieni. Siku hizi ni dozi mbili zinazopishana miezi 6 hadi 12, na ya pili ndiyo husahaulika, kwa hiyo andika tarehe kwenye daftari linalokaa na dawa zake. Utafiti wa Wales uliotoka 2025 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba waliopata chanjo ya zamani ya mkanda wa jeshi waligunduliwa na dimenshia kwa kiasi kilichopungua kwa karibu moja ya tano, katika miaka saba. Haimponyi aliyekwisha kuugua, ila ndugu zake waliofika umri wa kuipata wana sababu ya kuitafuta.

9. Na wewe mlezi

Kama wewe ndiye mlezi wake mkuu, chanjo ya mafua ni haki yako pia, hata kama una miaka 30. Nendeni pamoja na uchomwe wewe kwanza, yeye akitazama. Maelezo yakishindikana, huo mkono wako ulionyooshwa atauelewa.