Unyayo wa Mtoto Katika Udongo

Mguu wa mtoto mchanga haukai kama ulivyo. Miezi michache ikipita, umekwisha kuwa mwingine. Mzazi atakaye kuuwekea kumbukumbu aweza kufuata kazi ya wafinyanzi wa Singida.

Kwanza udongo wa mfinyanzi hutolewa mawe na mizizi, ukachanganywa na mchanga kidogo, ukakandwa hata hewa yote itoke. Kisha hufanywa bamba lenye unene wa kidole. Mtoto akiisha kushiba na kutulia, unyayo wake hukandamizwa polepole katika bamba hilo, kisha mguu huoshwa mara moja kwa maji ya uvuguvugu.

Sasa yatakiwa saburi. Bamba hukaushwa kivulini siku nyingi. Likitiwa motoni lingali na maji ndani, maji hugeuka kuwa mvuke, nalo hupasuka. Na mguu ule wa kwanza haupatikani tena. Likikauka vema huchomwa kwa kuni, wala halirudi kuwa tope kamwe. Lakini udongo hunywea, hivyo alama huwa ndogo kuliko mguu wenyewe.

Ziko nyayo za kale sana huko Laetoli, Ngorongoro, zilizogunduliwa mwaka 1978 na kundi la Mary Leakey. Viumbe wa jamii ya mwanadamu, wakubwa kwa wadogo, walikanyaga majivu ya volkano yaliyolowa mvua. Majivu yakawa magumu, na mengine yakazifunika. Zimedumu zaidi ya miaka 3,500,000 pasipo kuchomwa.

Maswali
1. Kwa nini bamba halichomwi likiwa bichi?
2. Ni nini kilichozihifadhi nyayo za Laetoli?