SOMO LA AFYA: KISUKARI NA SINDANO INAYOOGOPWA

Somo letu la leo lahusu ugonjwa wa kisukari, na hasa ile sindano yake ambayo wengi huiogopa kuliko ugonjwa wenyewe. Tumewasikia watu wakisema, "Akishaanza kuchomwa insulini, huyo basi tena." Neno hilo limewafanya wagonjwa wengine wakatae dawa waliyoandikiwa, na wengine waiache mara wapatapo nafuu. Yafaa tulichunguze.

Ugali, wali, muhogo na ndizi tulavyo hugeuka kuwa sukari, nayo huingia katika damu. (Asiyetia sukari katika chai asidhani kwamba amekwisha kujikinga.) Sukari hiyo ndiyo nguvu yetu, lakini haiingii vema katika chembe za mwili pasipo insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya mfuko wa chakula. Insulini ni kama ufunguo. Ufunguo ukikosekana, magunia ya chakula yajaa barazani na watoto ndani ya nyumba wana njaa. Ndipo mgonjwa hukojoa mara kwa mara, hushikwa na kiu isiyokatika, tena hukonda ingawa anakula.

Ziko aina mbili kubwa. Aina ya kwanza huanza zaidi kwa watoto na vijana. Kongosho lao limeacha kutengeneza insulini, kwa hiyo hawana budi kuipata kila siku. Aina ya pili, iliyo ya wengi, huanza zaidi ukubwani. Insulini ipo, ila haifanyi kazi ipasavyo. Hawa hutunzwa kwa kupunguza wanga, kutembea kwa miguu, na vidonge kama metifomini. Miaka ikipita kongosho laweza kuchoka, vidonge visitoshe, na tabibu akaandika sindano. Hapo ndipo maneno ya barazani huanza. Lakini mgonjwa huyo hakufikia mwisho. Kongosho lake limechoka, naye ameletewa msaidizi. Sindano ikicheleweshwa mno, macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguu huwa vimekwisha kudhurika, kisha sindano ndiyo hulaumiwa!

Na tutazame historia kidogo. Zamani mtoto wa aina ya kwanza hakuwa na dawa. Madaktari wa Ulaya na Marekani walimpunguzia chakula mno ili apate kuishi miezi michache zaidi, akakonda akabaki mifupa. Mwaka 1921, huko Toronto nchini Kanada, Frederick Banting na Charles Best walipata dawa kutoka kongosho la mnyama. Tarehe 11 Januari 1922 alichomwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa na uzito wa kilo 30 hivi. Dawa ile haikuwa safi, wala haikumfaa sana. James Collip akaisafisha, na tarehe 23 kijana akachomwa tena, sukari ikashuka. Aliishi miaka 13 zaidi. Sindano hiyo, basi, ilianza kwa kumrudisha mtu kutoka mlangoni pa kaburi.

Hata hivyo iko hatari moja ya kweli, nayo ni sukari kushuka mno, yaani chini ya 4 katika kipimo cha milimoli. Aliyechoma dawa asile chakula aweza kutetemeka, kutoka jasho jingi, kusema ovyo, hata kuzimia. Watu humdhania amelewa, au ana pepo. Jambo hili laweza kutokea hata kanisani, kwa maana wako waliozoea kutokula kitu mpaka wapokee Komunyo. Mwenye kutumia insulini asifunge bila shauri la tabibu. Desturi ya kanisa haimlazimishi mgonjwa. Apewe upesi vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, angojewe dakika 15, apewe tena ikiwa hajapata nafuu, kisha ale chakula. Kama amezimia, asitiwe kitu kinywani. Alazwe ubavu na kupelekwa hospitali mara moja.

Na yule ambaye kipimo chake kimekuwa kizuri, je, aache dawa? La. Kipimo ni kizuri kwa sababu ya dawa. Mgonjwa wa aina ya kwanza akiiacha, siku chache zatosha damu yake kuingiwa na asidi, na huo ni mlango wa mauti. Tuwaombee wagonjwa wetu kwa moyo wote, nao waendelee kuchoma.

Wengi huuliza waihifadhi wapi dawa hii nyumbani. Chupa isiyofunguliwa hukaa katika jokofu, si mahali pa barafu, na iliyoganda itupwe. Inayotumika hudumu wiki nne hivi nje ya jokofu, mradi joto lisizidi nyuzi 25 au 30 kama ilivyoandikwa kwenye karatasi yake. Asiye na jokofu achukue chungu kikubwa, atie mchanga, aweke chungu kidogo katikati, na kuulowesha mchanga asubuhi na jioni. Chupa ifungwe katika mfuko usioingia maji, iwekwe katika chungu kidogo na kufunikwa. Maji yanapokauka hubeba joto, kama vile mtungi unavyopoza maji ya kunywa. Chungu hicho kikae kivulini penye upepo, mbali na jiko.