Masimulizi ya Msimu Usio na Anguko: Gor Mahia ya Mwaka 2015 katika Usimulizi wa Mpakani Busia

Utangulizi

Kwa muda mrefu wanafunzi na wataalamu wa fasihi simulizi wamejishughulisha na ngano, visakale, methali, vitendawili na nyimbo. Masimulizi ya kandanda, ambayo husikika kila jioni katika miji yetu, hayajapewa nafasi yanayostahili. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba msimu wa timu ya kandanda, pindi unaposimuliwa, ni utungo wenye mwanzo, mgogoro, taharuki na hitimisho, na kwamba umbo hilo hutoka kwa fanani, si katika jedwali la ligi.

Mfano tulioteua ni msimu wa 2015 wa Gor Mahia katika Ligi Kuu ya Kenya, kama tulivyousikia ukisimuliwa Busia. Tumeuteua kwa sababu mahususi. Katika msimu huo Gor Mahia ilicheza mechi 30 za ligi bila kushindwa hata moja. Kwa mpenzi wa timu, hiyo ni neema. Kwa msimulizi, ni tatizo. Je, shujaa asiyeanguka husimuliwaje? Ikumbukwe kwamba mifano ya lugha iliyomo humu imetokana na mazungumzo ya kawaida ambayo mwandishi, akiwa mzaliwa wa Busia, ameyasikia tangu utotoni. Haidai kuwa takwimu.

Mahali na Lugha

Busia ni jina la miji miwili inayotazamana, mmoja Kenya na mwingine Uganda. Upande wa Kenya wanaishi Wasamia, Wakhayo, Wamarachi, Wateso na Waluo, na baadhi ya jamii hizo zina ndugu zao ng'ambo ya pili ya mpaka. Madereva wa malori husubiri hapa na Malaba, wakitokea Mombasa na kuelekea Kampala, Kigali na Kongo. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa kwenye mipaka hii, pale waendeshaji baiskeli walipowavusha abiria na mizigo kutoka kituo kimoja cha forodha hadi kingine.

Katika banda la video, mahali ambapo watu hulipa kiingilio ili kutazama mechi, hadhira ni ya mseto. Msamia hawezi kumsimulia Mteso bao kwa Kisamia, wala Mluo kumbishia dereva Mganda kwa Kijaluo. Kwa hiyo Kiswahili ndicho huamua. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mnamo Julai 2022. Katika mabanda ya mpakani, lugha hiyo ilikuwa imekwisha kuvuka zamani pamoja na mpira.

Msimu Wenyewe

Mwanzo wa msimu wa 2015 haukuwa wa kandanda bali wa mabishano. Shirikisho la soka lilitaka ligi ya timu 18, nayo kampuni iliyokuwa ikiendesha Ligi Kuu ilitaka timu 16. Hatimaye ligi ikachezwa kwa timu 16. Gor Mahia iliingia humo ikiwa bingwa wa 2013 na 2014. Ubingwa wa 2013 ulikuwa umeukata ukame wa miaka 18 tangu ule wa 1995.

Kocha alikuwa Frank Nuttall kutoka Uskoti. Mshambuliaji aliyevuma ni Michael Olunga, aliyeitwa "Engineer" kwa kuwa alikuwa mwanafunzi wa uhandisi. Mwanzoni mwa 2016 alihamia klabu ya Djurgården ya Sweden. Pamoja naye walikuwamo Waganda Godfrey Walusimbi na Khalid Aucho, Meddie Kagere aliyewahi kuichezea Rwanda, na Karim Nizigiyimana wa Burundi. Jambo hili lina uzito kwa mada yetu. Timu iliyoanzishwa 1968 ikiwa na jina la mganga mashuhuri wa Waluo ilikuwa sasa na wachezaji ambao dereva wa Kampala aliyekwama Malaba aliweza kuwaita "wa kwetu". Walusimbi na Aucho baadaye walikuwa katika kikosi cha Uganda kilichoshiriki Kombe la Mataifa ya Afrika 2017, mara ya kwanza kwa nchi hiyo tangu 1978.

Anguko Lililokosekana

Majagina wa fasihi simulizi wana siri ya udhaifu. Fumo Liyongo hakuweza kuuawa kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba, na aliyemchoma kitovuni ni mwanawe. Lwanda Magere wa Waluo alikuwa na mwili wa jiwe. Maadui walipomwoza binti yao, binti huyo aligundua kwamba uhai wa mumewe ulikuwa katika kivuli chake, akawapelekea habari watu wa kwao. Visakale hivi vinatufundisha kwamba msikilizaji hukaa macho akisubiri mkuki ufike kivulini. Msimu wa Gor Mahia wa 2015 haukuwa na mkuki wa namna hiyo katika ligi.

Kwa ulinganisho, tutazame mbali kidogo. Awer Mabil alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, akakulia Australia na kuichezea Adelaide United hadi 2015. Msimu uliofuata kuondoka kwake, yaani 2015–16, Adelaide ilicheza mechi nane za mwanzo za ligi ya Australia bila kushinda. Kisha ikainuka, ikamaliza kileleni mwa jedwali. Tarehe 1 Mei 2016 ikaishinda Western Sydney Wanderers 3–1 katika fainali kuu. Ligi ya Australia haimtawazi bingwa kwa alama tu. Timu za juu hukutana katika mchujo unaokamilika kwa fainali. Msimu huo ulijisimulia wenyewe: anguko, kuinuka, kilele. Ligi ya Kenya haina fainali. Ubingwa huweza kupatikana siku ya kawaida huku mechi kadhaa zikisalia, na kilele hakitolewi na ratiba. Fanani hana budi kukitafuta.

Wasimulizi tuliowasikia Busia hukitafuta kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kutoka nje ya ligi. Katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika mwaka huohuo, Gor Mahia ilitolewa na AC Léopards ya Kongo Brazzaville. Mashabiki wa AFC Leopards, ambao timu yao huitwa Ingwe, yaani chui, hawakuhitaji kuelezwa zaidi: chui alikuwa amemla Gor, hata kama ni chui wa mbali. Aidha, tarehe 2 Agosti 2015 Gor Mahia ilifungwa 2–0 na Azam jijini Dar es Salaam katika fainali ya Kombe la Kagame. Hapo kivuli cha Magere kilipatikana. Njia ya pili imo ndani ya lugha yenyewe, nayo ndiyo inayotuhusu zaidi.

Kufunga, Kufungwa na Sare

Kitenzi funga katika lugha ya kandanda kina maana mbili zinazokaribiana. Mchezaji hufunga bao. Timu hufunga timu nyingine, yaani huishinda. Katika hali ya kutendwa, tofauti hiyo huzaa utata ambao wasimulizi huufurahia. Gor Mahia ya 2015 ilifungwa mabao, lakini katika ligi haikufungwa. Sentensi ya kwanza inahusu nyavu. Ya pili inahusu hatima. Asiyejua Kiswahili cha mpira ataona mkinzano, ilhali hadhira ya banda huona taharuki: kila bao lililoingia langoni mwa Gor lilikuwa dalili kwamba pengine leo kufungwa kwa kwanza kutaleta kufungwa kwa pili. Nyuma ya maana hizo mbili imo maana ya asili, ile ya kufunga kwa kamba. Aliyeshindwa amefungwa, hana uhuru wa kusema.

Hali kadhalika neno sare. Nguo za sare ni nguo zinazofanana, na timu zilizotoka sare ni timu ambazo hakuna iliyomfunga mwenzake. Katika masimulizi ya kawaida ya kandanda, sare hupuuzwa. Katika masimulizi ya msimu usio na anguko, sare hupanda cheo na kuwa mgogoro mkuu. Msimulizi hukaa juu ya sare kwa muda mrefu kuliko ushindi, kwa sababu ndipo shujaa alipokaribia shimo. Kwa maoni yetu, huu ni uteuzi wa kifani unaolingana na ule wa mtambaji wa visakale anayerefusha safari ya adui kuelekea kivulini.

Ushemeji kama Muundo wa Mgogoro

Mpinzani mkuu wa Gor Mahia ni AFC Leopards, iliyoanzishwa 1964 kwa jina la Abaluhya. Mwaka 1980 klabu zilitakiwa kuacha majina ya kikabila. Abaluhya ikawa AFC Leopards, nayo Gor Mahia kwa muda ikaitwa Gulf Olympic Rangers. Majina yalibadilika, lakini kila mtu aliendelea kujua nani ni nani. Mechi ya timu hizi mbili huitwa Dabi ya Mashemeji, kwa sababu Waluo na Waluhya wameoleana kwa vizazi vingi.

Tanzania, Simba na Yanga huitwa watani wa jadi. Istilahi zote mbili zimechotwa katika mahusiano ya kijamii, lakini hazifanani. Mtani ana ruhusa ya kukutania, na hutakiwi kukasirika. Shemeji ana ruhusa hiyo pia, lakini vilevile anadaiwa heshima, na kati yenu kuna mtu ambaye nyote wawili mnamhusu: dada wa mmoja, mke wa mwingine. Kwa hiyo ushemeji una mpaka ambao utani hauna. Mpaka huo ukivunjwa, anayeumia yumo ndani ya nyumba.

Mfano wa Utendaji

Hapa mwandishi anaomba radhi kwa kuleta habari za nyumbani kwao. Baba yangu ni Msamia na shabiki wa Ingwe. Mama yangu ni Mluo, na kaka yake, mjomba wangu, alikuwa wa Gor Mahia. Machi 2012 mechi ya mashemeji jijini Nairobi ilikumbwa na vurugu. Wazee hawa wawili waliitazama pamoja Busia, wakatupiana maneno ambayo shemeji hamwambii shemeji. Kwa miaka mitatu hawakutembeleana. Mama alikuwa akienda kwao peke yake.

Mjomba alifariki mwishoni mwa 2015, wiki chache baada ya ligi kumalizika. Matangani, baba aliombwa aseme neno kwa niaba ya wakwe. Wapo waliomtazama kwa wasiwasi. Hakuongea Kisamia, ambacho wafiwa wengi wasingekielewa, wala hakijui Kijaluo vizuri. Alizungumza Kiswahili. Na badala ya wasifu wa marehemu, alisimulia msimu wa Gor Mahia. Hakutaja ushindi hata mmoja. Alizitaja sare, moja baada ya nyingine, na kila mara waombolezaji walipodhani mwaka huu basi, alisema: "Hakufungwa." Baada ya mara ya tatu, watu wakaanza kuitikia pamoja naye. Alimalizia hivi: "Mimi nilitaka afungwe. Kila Jumapili nilitaka. Shemeji yangu ameondoka hajafungwa." Kisha akaketi.

Nilikuwa na miaka 18. Nimesoma baadaye kuhusu fanani na hadhira, kiitikio, takriri na taharuki, na kila nikisoma narudi katika uwanja ule. Takriri ya "hakufungwa" ilibeba maana zote tatu tulizozitaja: bao, ushindi na kamba. Vilevile ilibeba toba ambayo baba asingeweza kuitamka waziwazi mbele ya watu. Kama angesimulia ushindi, angekuwa shabiki aliyesalimu amri. Kwa kusimulia sare, alijiweka sawa na shemeji yake, bila mmoja kumfunga mwenzake.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, umbo la msimu hutegemea fanani, hasa pale ambapo ratiba ya ligi haimpi kilele. Pili, Kiswahili cha kandanda kina utajiri wa kisemantiki, kama ule wa funga na sare, ambao wasimulizi huutumia kwa makusudi. Tatu, katika mji wa mpakani wenye timu zenye asili za kikabila, Kiswahili huwapa wapinzani uwanja wa kusimulia ambao si wa mmoja wao.

Tunapendekeza kwamba walimu wanaowatuma wanafunzi nyanjani kukusanya ngano wawatume pia kwenye mabanda ya video, vituo vya bodaboda na maegesho ya malori. Watambaji wa ngano wanapungua na sote tunalilia jambo hilo. Hawa wengine wapo, wanasimulia kila wikendi, na masimulizi yao hayarekodiwi. Maneno ya baba yangu siku ile hayakurekodiwa na yeyote. Nimeyaandika hapa kwa kadiri ninavyoyakumbuka, nikijua kwamba mengine yamekwisha kunipotea.